Jungu la Giaboksi

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande huu wa Gazi, hatukungoja tangazo la redio ili tujue kwamba Ramadhani imekaribia. Tulijua kwa pua. Nyumba za wenzetu zilinukia pilau ya kuvunja jungu, ule mlo mkubwa wa siku za mwisho za Shaabani, watu wale washibe kabla ya kufunga. Nyumba yetu ilinukia pilau na oili. Baba yangu alikuwa na mila yake aliyoizua mwenyewe, na sijapata kumsikia mtu mwingine Kwale nzima aliye nayo: siku ya jungu, kabla sisi hatujatia tonge mdomoni, gari lilishwe kwanza. Oili ya zamani ya giaboksi itolewe, itiwe mpya. "Gari nalo ni la Kiislamu," alikuwa akisema. "Nalo liingie mwezini likiwa safi."

Lilikuwa pikapu nyeupe ya Kifaransa. Wenzangu wa rika langu hawana haja ya kutajiwa jina, maana pwani hii ilijaa magari yale, na ukisikia moja linakuja ulijua ni lile hata kabla halijatokeza kwenye kona. Gia yake ilikuwa ubavuni mwa usukani, si chini sakafuni. Lilibeba machungwa na nazi, likabeba vitanda vya maharusi, likabeba wagonjwa na kinamama wenye uchungu hadi hospitali ya Msambweni. Watu wazima wawili ninaowajua, mmoja sasa ni mwalimu, walizaliwa nyuma mle juu ya magunia kwa sababu mama zao walichelewa kusema. Baba hakuacha kuwakumbusha. Kila alipomwona yule mwalimu anapita na tai yake shingoni, alimwita, "Ewe abiria!"

Siku ya jungu tuliamka mapema bila kuamshwa. Mama alikuwa keshawasha moto uani, anakuna nazi na kuchambua mchele, na sisi watoto tulipewa kazi za kutuondoa njiani: huyu apeleke sahani ya mbaazi kwa shangazi, yule akachote maji. Tulikuwa tunavizia jambo moja tu, mikebe. Mikebe ya oili siku hizo ilikuwa ya bati, na mkebe mtupu ulikuwa mali. Tulikata magurudumu kwa kandambili zilizokufa, tukatoboa tundu kwa msumari, tukafunga kamba, na hapo ndipo tulipokuwa na lori. Wenzetu wengine walicheza kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, nasi tuliwacheka kwamba malori yao ni ya wanawake. Mimi nilikuwa msichana, lakini hilo halikunizuia kucheka. Tulicheza kibe, tukijificha na kutafutana, hadi miguu ikawa na rangi ya vumbi, tukala viazi karai kwa achari ya embe, tukatafuna mabuyu hadi ndimi zikawa nyekundu, kisha tukarudi mbio tukisikia Baba anapiga bomba la gari kwa spana. Huo ndio uliokuwa wito wetu. Kazi imeanza.

Lakini kabla sijaieleza kazi, lazima nieleze kitabu.

Gari lile Baba alilinunua kwa bwana mmoja mwenye hoteli Diani aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ndani ya dashibodi mlikuwa na kitabu cha gari, kidogo, chenye jalada la buluu, kimeandikwa Kiingereza. Baba alikuwa amesoma chuo cha Kurani, nayo aliijua vizuri, na Kiswahili alikisoma gazeti zima bila kuruka hata matangazo ya vifo. Kiingereza hakukijua. Kitabu kile kilikaa mle miaka miwili kama mgeni asiyesema. Nilipoingia darasa la tano, alasiri moja aliniketisha juu ya gunia la nazi, akanipa kile kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Mwanamisi, wewe ndiye mwenye Kiingereza katika nyumba hii. Nisomee."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, nikikwama, nikirudi nyuma, nikitafsiri nilichokijua na kubuni nisichokijua. Tulipofika ukurasa wa giaboksi nikamsomea kwamba ndani yake hutiwa oili ile ile ya injini. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, akanitazama machoni kama anayetaka kuhakikisha kwamba sicheki. Maana kila dereva aliyemjua, kutoka Ukunda hadi Lungalunga, alitia oili ya gia, ile nzito inayomiminika kama asali ya baridi na kunuka kibiriti. Sasa mtoto wa darasa la tano anamwambia vingine. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi. Waliotengeneza ndio wajuao." Tangu siku hiyo alifuata neno la kitabu, na neno la kitabu alilipata kinywani mwangu.

Alichekwa. Jirani yetu Bwana Suleimani, aliyekuwa na lori la kubeba mchanga na sauti ya kusikika msikiti wa pili, alisimama siku ya jungu mikono kiunoni akatazama mkebe, akapiga kelele: "Oili ya injini kwenye giaboksi! Si ni kama kutia maji ya madafu kwenye taa? Utalia, bwana wee!" Baba alijibu polepole bila kutoka chini ya gari, "Lori lako lina kitabu chake, langu lina chake. Kila mmoja na afuate chake." Bwana Suleimani akasema yeye gari lake halina kelele hata kidogo tangu aanze kutia ile nzito. Na hapo Baba akatoa kichwa, uso una madoadoa meusi, akasema maneno niliyoyasikia labda mara mia katika maisha yangu: "Kelele ni ulimi wa gari. Ukiukata, litakwambiaje linapoumwa?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari lilitembezwa kwanza hadi barabara kuu na kurudi, ili oili ipate moto na ilegee. Likapandishwa juu ya magogo mawili ya mnazi. Baba akaingia chini chali juu ya jamvi, akafungua nati ya chini, na oili ikashuka ndani ya karai. Yangu ilikuwa kazi moja tu: nichovye vidole viwili. Baba alichovya vyake, mimi nikachovya vyangu, tukaisugua pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada, tukainusa, kisha tukaipeleka juani. Ikiwa na rangi ya chai isiyo maziwa, ni njema. Ikiwa na chenga za kijivu kidogo, ni umri. Ikimetameta njano, hapo pana msiba, maana pete za shaba zinaliwa.

Pete zile nilizijua kabla sijajua hesabu za sehemu. Baba alikuwa nayo moja, ya gari lililokufa, imetundikwa msumarini jikoni karibu na kalenda. Ilikuwa pete ya shaba nene kuliko bangili, yenye meno madogo kwenye ukingo. Alinieleza kwamba ndani ya giaboksi gia zinazunguka kwa mwendo usiolingana, na pete ndiyo msuluhishi. Inaishika moja kwa upole, inaituliza, hadi zote mbili ziwe na mwendo mmoja, ndipo zinapokubali kuingiana. Oili ikiwa nzito mno, pete inateleza, haishiki. Ikiwa na dawa kali ya kibiriti, shaba inaliwa kidogo kidogo. "Shaba ni laini," alisema. "Haitaki ubabe." Nilikuwa mtoto lakini nilielewa. Sijui kama niliwahi kuelewa jambo lingine lolote vizuri kama lile.

Oili iliyotolewa haikumwagwa ovyo. Majirani walikuja na makopo, wakaipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Baba alinawa kwa mchanga na maji tu, sabuni hakuitaka. Mama aligomba kwamba sinia la pilau linanuka gereji, naye Baba akajibu huku anatia mkono siniani, "Harufu hii ndiyo iliyoununua mchele." Tukacheka, tukala. Ninapokumbuka jungu la kwetu, ninachokumbuka kwanza si bizari wala nyama. Ni harufu ya vidole vya Baba.

Miaka ikaenda. Mama alitangulia mbele ya haki. Bwana Suleimani naye akafa, na lori lake lilikufa miaka mingi kabla yake. Pikapu yetu ikaendelea. Nilisoma, nikapata kazi katika ofisi za serikali Matuga, nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani. Kisha macho ya Baba yakaanza kufunga, presha ya macho, kwanza pembeni, halafu katikati, hadi siku moja akaegesha gari, akazima, akaketi mle ndani kwa muda mrefu na mikono juu ya usukani. Alipotoka alitembea akipapasa ubavu wa gari. Nina kaka wawili, wote wana leseni. Funguo alinipa mimi. "Wao wanajua kuendesha," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Sikupata kupewa kitu kikubwa kuliko kile, na naandika haya nikijua nilichokifanya nacho.

Tangu hapo kazi ya Baba ikawa kusikiliza. Aliketi barazani asubuhi nikiondoka na jioni nikirudi, na gari lilipokata kona alikwishainua kichwa. Akajua nimebeba mzigo au niko mtupu, akajua tairi gani imepungua upepo. "Leo umepanda tuta bila kushusha gia," ananiambia kabla sijavua viatu. Kipofu yule aliliona gari lake lote kwa sikio, bolti kwa bolti. Nami niliendesha na kubadilisha oili kila jungu kama tulivyofanya siku zote, nikimletea karai, tukichovya vidole pamoja, yeye akisugua na kunusa, mimi nikimwambia rangi. Nadhani siku hizo ndizo zilizobaki kumfurahisha.

Ofisini nilikuwa kichekesho. Vijana wa siku hizi wana magari yanayojibadilishia gia yenyewe, makanyagio mawili tu, mguu mmoja unafanya kazi na mwingine umekwenda likizo. Gari likianza kulia, mwenyewe huongeza sauti ya muziki. Ukimwuliza ametia oili gani atakwambia, "Si fundi anajua?" Kuna binti mmoja ofisini, mtoto mzuri na mwenye heshima, alipanda nami siku moja, akaitazama gia ubavuni mwa usukani, akaniuliza, "Shangazi, hii ni ya kuwashia taa za kona?" Nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Nilijiona mjuzi. Nilijiona mtu wa enzi zile, wa mkebe wa bati na kitabu. Nilijiona hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa amenijaribu bado.

Mwaka juzi, miezi michache baada ya Idi, gia ya tatu ikaanza kulalamika. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama mtu anayesaga meno usingizini. Baba aliisikia siku ileile. "Oili imechoka kabla ya wakati," alisema. "Usingoje jungu. Kaitoe. Utie ileile." Kaka zangu hawakuwepo kunipandishia gari kwenye magogo, nami mgongo ulikuwa unaniuma, nikaamua kwenda Ukunda kwa fundi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikaenda.

Gereji ilikuwa nyuma ya maduka, imejaa. Fundi aliitwa Kevo, mtu wa bara aliyehamia huku na familia yake, mkono wake mzuri na maneno yake mengi. Kulikuwa na madereva wa tuktuk watano au sita wakingoja, na wanaume wengine wamekaa tu, kama wanaume wanavyokaa gereji. Nikasema nataka kutolewa oili ya giaboksi, itiwe ya injini.

Kevo akasimama. "Ya engine? Kwa giaboksi?" Akawageukia wenzake. "Nyinyi, skizeni hii! Mathe anataka oili ya engine kwa giaboksi!" Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Nani alikushow hivyo, mathe? Hii gari imekuwa ikitembea na neema ya Mungu tu. Ndio maana inalia. Wacha nikuwekee ile ya nguvu, tunaweka hata lori za mchanga. Itanyamaza tik."

Kitabu kilikuwa dashibodini. Kilikuwa mbali nami kiasi cha kunyoosha mkono. Ukurasa niliujua kwa moyo, jalada la buluu limefungwa kwa utepe wa plasta ambao Mama aliubandika. Ningeweza kukitoa, nikakifungua, nikamwambia kama Baba alivyomwambia Bwana Suleimani, gari langu lina kitabu chake. Nilichofanya ni kulivuta buibui langu vizuri, nikatabasamu. Niliona aibu. Niliona aibu kutoa kijitabu kilichobanduka mbele ya wanaume wanaocheka, mimi mwanamke mtu mzima, nianze kuwasomea kwa kidole. Nikasema, "Haya basi, weka unayoona inafaa. Wewe ndiye fundi."

Ilinuka kibiriti. Niliisikia ile harufu nikiwa nimekaa kwenye tairi nikinywa soda, na mwili wangu ukajua kabla yangu. Nikaendelea kunywa soda.

Na gari likanyamaza. Kutoka Ukunda hadi Gazi halikutoa hata mguno, na nikajisikia mwepesi, nikasema moyoni kwamba labda kitabu ni cha zamani, labda Bwana Suleimani, Mungu amrehemu, alikuwa na haki yake. Nilipokata kona Baba aliinua kichwa kama kawaida. Nikazima. Nikateremka, nikamsalimia, "Shikamoo, Baba."

"Limenyamaza," alisema.

"Ndiyo, Baba. Limepona."

"Umetia ileile?"

"Ileile."

Huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia Baba kuhusu gari, nami nilikuwa na umri wa miaka arubaini na tisa.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilisikia. Nililisikia tangu utoto, nililisoma mwenyewe kwa kidole changu. Ndiyo maana siwezi kujipa hata ile nafuu ya mtu asiyejua. Ndani ya miezi ile, kila asubuhi gia ikawa ngumu, lazima uisukume kwa mkono wote, na oili ikipata moto ikalegea kidogo nikajidanganya kwamba ni baridi ya Julai. Kelele haikuwepo. Ulimi ulikuwa umekatwa. Hata Baba, na masikio yake yale, alilala akiwa na wasiwasi asioweza kuutaja. Mara moja moja aliniuliza, "Gia inaingia vizuri?" Nami nikajibu inaingia.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mchana, nikipanda kile kilima cha kuendea Kwale mjini. Nikashusha gia ya pili. Haikukubali. Nikalazimisha. Pakasikika mlio ambao sitaki kuueleza, gari likashtuka, likarudi nyuma kidogo, nikavuta breki ya mkono nikabaki nimeshikilia usukani.

Kevo ndiye aliyelivuta hadi Ukunda, na ndiye aliyelifungua. Oili ilishuka karaini imejaa njano. Ilimetameta juani kama samli, nzuri hata, na mimi nikachovya vidole viwili bila kufikiri. Pete za shaba zilikuwa zimekwisha meno, laini kabisa, na gia mbili zimevunjika kwa sababu hapakuwa tena na wa kuzisuluhisha. Kevo aliahidi kutafuta vipuri. Alitafuta kweli, alipiga simu Mombasa, akapiga Nairobi, akatafuta kwenye simu yake siku mbili. Siku ya tatu aliniita nikamkuta amekaa juu ya kigoda, hana maneno mengi.

"Hakuna mahali," alisema. "Hizi zimeisha, mathe. Lakini nimeona kitu ingine." Akanionyesha simu. Palikuwa na picha ya ukurasa, ukurasa wangu, jedwali lilelile. "Wameandika engine oil. Iko hapa. Pole sana. Mimi sikuwa najua. Hii ile yangu ilikula hizo pete." Kisha akaniuliza, si kwa kunilaumu, kwa kutaka kujua tu: "Wewe ulijulia wapi? Ulikuwa na kitabu?"

"Nilikuwa nacho," nikasema.

"Sasa mbona hukunionyesha?"

Mficha uchi hazai. Simlaumu Kevo hata chembe. Yeye alikosea asichokijua.

Gari lilikaa gerejini wiki tatu, kisha watu wa vyuma chakavu wakaja wakalikata. Sikutaka kuona, lakini nilikwenda, kwa sababu ni haki ya maiti kushindikizwa. Nilichukua kitabu. Baba nilimwambia gari liko kwa fundi, vipuri vinangojewa kutoka Mombasa. Akakubali. Kila asubuhi nilipanda tuktuk, na kila jioni nikamkuta barazani akiinua kichwa kila gari lilipopita barabara kuu, akisikiliza, akakishusha. Akainua tena, akakishusha. Nilitamani ardhi inimeze.

Shaabani ikaisha. Siku ya jungu nikapika pilau mwenyewe. Baba akauliza, "Gari wamelitoa oili?" Nikasema ndiyo, wametoa kule kule gerejini. "Umeniletea nichovye?" Nikasema nitaleta. Nikatoka mbio kama mwizi hadi Ukunda, nikamwomba Kevo kikombe cha oili iliyotumika, oili yoyote, akanichotea kwenye pipa bila kuniuliza. Nikarudi nayo mikononi ndani ya tuktuk, nikiikinga isimwagike, na nilikuwa najiambia kwamba mzee haoni.

Nikamwekea kikombe. Akachovya vidole viwili. Nami nikachovya vyangu, maana ndiyo mila. Akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, akaipeleka puani. Akainusa mara moja. Akainusa tena. Nilikuwa nakisikia kijiko cha mtoto wa jirani kikigonga sahani ua wa pili.

"Hii ina moshi," alisema Baba. "Hii imetoka kwenye injini ya mtu. Ya giaboksi haina moshi, Mwanamisi. Hilo wajua."

Nilijua.

"Lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Ulitia nini?"

"Ile nzito, Baba."

Nilitaka anigombeze, wallahi, nilitaka hata anipige, mimi na mvi zangu. Hakufanya hivyo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na kitabu ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Kilete. Nisomee."

Nikakileta. Nikaketi chini karibu na miguu yake, nikafungua ukurasa wa giaboksi, nikaanza. Nilisoma vizuri sasa, Kiingereza cha ofisini. Nilipofika pale penye oili nikaacha kusoma. Basi Baba akamalizia. Alisoma mstari wote kwa Kiingereza, yeye asiyejua Kiingereza, neno kwa neno, akikwama nilipokwama, akirudi nyuma niliporudi, akikosea matamshi yale yale niliyoyakosea juu ya gunia la nazi nikiwa darasa la tano. Aliyahifadhi hivyo miaka yote ile. Mimi nilikuwa nimesahau hata jinsi nilivyoyasema.

Enzi zetu kosa la mtoto lilirekebishwa siku ileile, kwa neno au kwa ufito, na jioni mkala sinia moja. Siku hizi tuna mafundi wenye simu zinazojua kila kitu, tuna magari yasiyolia, na vitabu vyote vinapatikana kwa kidole. Siwacheki tena vijana. Nani kati yao amewahi kuushika ukweli mkononi, akaufungia dashibodini kwa kuogopa kuchekwa na watu asiowajua?

Pilau ilikuwa inapoa. Baba akafunga kitabu kwa kupapasa, akanirudishia. Kisha akanyoosha vidole vyake viwili vyenye oili, akasema, "Niletee maji. Na sabuni."

Nikamletea. Alinawa kwa muda mrefu, akasugua vidole kimoja kimoja, akavinusa, akaomba sabuni tena, akanawa hadi harufu ikaisha yote. Ndipo akasema bismillahi, tukala.